Sura ya Sita: Kosa Lenye Njia ya Kurudi

Makosa yanayofanyika kila siku mbele ya kompyuta yana sura nyingi, lakini karibu yote huzaliwa katika muda mfupi mno: faili lisilopaswa kufutwa linafutwa, barua pepe iliyokusudiwa mtu mmoja inawafikia watu mia, ripoti ya zamani inahifadhiwa juu ya ripoti mpya, au tarakimu mbili zinabadilishana nafasi na malipo yanakwenda kwa asiyehusika. Jibu linalotolewa katika ofisi nyingi baada ya tukio la namna hiyo ni agizo la kuongeza umakini, na agizo hilo huonekana la busara kwa sababu hata aliyekosea hukiri kwamba akili yake haikuwapo. Sura hii inalipinga jibu hilo. Hoja yake ni kwamba uangalifu wa mtu mmoja mmoja, hata ukiwa wa dhati, ni kinga dhaifu, na kwamba kinachotenganisha kosa na hasara ni kuwapo au kukosekana kwa njia ya kurudi: kazi iliyopangwa ili kosa liweze kutenduliwa huuvumilia udhaifu wa kawaida wa binadamu, ilhali kazi isiyopangwa hivyo itamwumiza mtu siku moja, awe ni mzembe au mchapakazi hodari.

Mtelezo, usahaulifu na uamuzi mbovu

Msingi wa elimu hii uliwekwa na wanasaikolojia ambao hawakuanza na kompyuta, bali na matendo ya kawaida ya watu. Mwaka 1981 Mmarekani Donald Norman alichapisha makala iliyoyapanga katika makundi matendo yanayotoka kinyume na nia ya mtendaji, na mwaka 1990 Mwingereza James Reason akatoa kitabu chake Human Error, ambacho kimekuwa rejea katika urubani, tiba na viwanda vya nyuklia. Kutokana na kazi zao, makosa yanaweza kugawanywa katika aina tatu ambazo kila mtumiaji wa kompyuta atazitambua mara moja.

Aina ya kwanza ni mtelezo, yaani kosa la utekelezaji: nia ni sahihi, ila mkono unafanya jambo jingine, kama pale mhasibu anayetaka kubofya kitufe cha kuhifadhi anapobofya kile cha kufuta kilicho jirani yake. Aina ya pili ni usahaulifu, yaani kosa la kumbukumbu, ambapo hatua moja inarukwa, kama kutuma barua pepe inayotaja kiambatisho ambacho hakikuambatishwa. Aina ya tatu ni uamuzi mbovu, ambao ni kosa la mpango wenyewe: tendo linatekelezwa kama lilivyokusudiwa, lakini kusudio limejengwa juu ya dhana isiyo ya kweli, kama mtu anayefuta picha kwenye simu yake ili kupata nafasi, akiamini kwamba zimebaki salama kwenye hifadhi ya mtandaoni, kumbe hifadhi hiyo imeunganishwa na simu na hufuta kila kinachofutwa huko.

Mgawanyo huu una faida ya moja kwa moja, kwa kuwa kila aina ina dawa yake. Uamuzi mbovu hutibiwa kwa elimu, kwa sababu aliyekosea hakujua jinsi kitu kinavyofanya kazi, na akielezwa ataamua vizuri zaidi. Usahaulifu hutibiwa kwa orodha ya hatua, au kwa programu inayokumbusha, kama zile za barua pepe zinazomwuliza mwandishi iwapo amesahau kiambatisho zinapokutana na neno hilo katika maandishi yake. Mtelezo, kinyume chake, hautibiki kwa semina wala kwa karipio, kwa sababu chanzo chake ni ustadi. Mtu anayejifunza kuchapa hutazama kila kitufe kabla ya kukibonyeza. Aliyechapa kwa miaka kumi huviacha vidole vyake vifanye kazi bila kusimamiwa, na wepesi huo ndio unaomfanya awe mfanyakazi bora. Tendo lililozoeleka likishaanza, hujikamilisha lenyewe, na akili hulifuata nyuma kwa kuchelewa kidogo. Hii ndiyo sababu watu hodari hufuta vitu visivyopaswa kufutwa, na ndiyo sababu kumwambia mtu hodari awe makini zaidi ni kumtaka aufanyie kazi kila siku ule uchangamfu wa akili ambao ustadi wake umeundwa ili kuuepuka.

Onyo lililozoeleka

Wabunifu wa programu walifikiri kwamba mtelezo ungeweza kuzuiwa kwa kuuliza swali. Kila mtumiaji anakijua kisanduku kinachotokea katikati ya skrini kikiuliza kama kweli anataka kufuta, chenye vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kughairi. Ukitazamwa kwa karibu mkono wa mtu aliyekwisha kukiona kisanduku hicho mara elfu moja, kinachoonekana ni tendo moja lisilokatika: kitufe cha kufuta kinabonyezwa, na kidole kinashuka juu ya kitufe cha kukubali kabla jicho halijalifikia jina la faili lililoandikwa katika swali. Swali limekuwa sehemu ya tendo lenyewe. Mara nyingi jibu sahihi huwa ni ndiyo, kwa hiyo mkono umefundishwa na kisanduku kilekile kujibu ndiyo bila kusoma, na siku ambayo jibu sahihi ni hapana, mkono hauna habari.

Tukio lililotokea katika Soko la Hisa la Tokyo tarehe 8 Desemba 2005 linaonyesha jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Siku hiyo hisa za kampuni ya J-Com zilikuwa zikiuzwa sokoni kwa mara ya kwanza, na kampuni ya udalali ya Mizuho Securities ilikusudia kuuza hisa 1 kwa yeni 610,000. Amri iliyoingizwa kwenye kompyuta ilikuwa ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni 1 kila moja, idadi iliyozidi kwa mbali hisa zote za kampuni hiyo zilizokuwapo duniani. Mfumo ulitoa onyo kwamba bei hiyo haikuwa ya kawaida, na onyo likapitwa, kwa kuwa maonyo ya aina hiyo yalikuwa mambo ya kila siku. Kosa liligunduliwa upesi, na dalali akajaribu kuifuta amri ile zaidi ya mara moja, lakini mfumo wa soko lenyewe ulikuwa na hitilafu iliyoufanya usiupokee ufutaji huo. Hasara ilifikia takribani yeni bilioni 40.

Waliolijadili tukio hilo mara nyingi huishia kwenye tarakimu zilizobadilishana nafasi, ilhali somo kubwa liko katika mambo mawili yaliyofuata. Mtelezo ulitokea, kama mitelezo inavyotokea kila siku katika ofisi zote za dunia. Kinga ya kwanza, ambayo ni onyo, haikufanya kazi kwa sababu ilikuwa imezoeleka. Na kinga ya pili, ambayo ni uwezo wa kuirudisha amri nyuma, haikuwapo ilipohitajika. Kama ufutaji ungepokelewa, jambo lile lingebaki kuwa dakika chache za jasho ambazo nje ya ofisi moja hakuna ambaye angezisikia.

Amri ya kutendua na mipaka yake

Uwezo wa kurudi nyuma haukuwamo ndani ya kompyuta tangu mwanzo; ulibuniwa na watu waliokuwa na imani fulani kuhusu mtumiaji. Katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, jimbo la California, watafiti waliokuwa wakitengeneza programu za kuandikia walianza kulichukulia kosa la mwandishi kuwa jambo la kutarajiwa, na programu ya Bravo iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa na amri ya kutendua, yaani kulibatilisha tendo lililotangulia na kuyarudisha maandishi yalivyokuwa. Larry Tesler, ambaye pamoja na Tim Mott alitengeneza hapo programu iliyoitwa Gypsy na kuweka namna ya kukata, kunakili na kubandika inayotumika hadi leo, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kupinga programu ambazo kitufe kilekile hufanya mambo tofauti kulingana na hali iliyomo mashine, kwa hoja kwamba programu ya namna hiyo humtega mtumiaji kisha humlaumu. Mwaka 1983 kampuni ya Apple iliipeleka amri ya kutendua kwenye menyu ya kompyuta yake ya Lisa, na leo karibu kila programu ya kuandikia huikubali kupitia herufi Z ikibonyezwa pamoja na kitufe cha amri.

Wazo hilohilo limeenea katika sura nyingine. Tupio, ambalo huyaweka mafaili yaliyofutwa hadi mwenyewe aamue kulimwaga, ni njia ya kurudi iliyopewa muda mrefu zaidi. Huduma ya barua pepe ya Gmail humruhusu mtumiaji kughairi utumaji, na inafanya hivyo kwa hila rahisi: barua huzuiliwa kwa sekunde chache, zisizozidi 30, kabla ya kuondoka, ili aliyeiona hitilafu baada tu ya kubonyeza apate nafasi ya kuikamata. Hila hiyo inafaa kuzingatiwa, kwa sababu inakubali ukweli ambao kisanduku cha maswali kiliukataa, kwamba kosa la mtelezo huonekana mara tu baada ya tendo, wala si kabla yake.

Hata hivyo, amri ya kutendua ina mpaka. Hufanya kazi ndani ya programu iliyo wazi, na mara nyingi historia yake hupotea programu ikifungwa. Haivuki mlango wa mashine kwenda kuirudisha barua iliyokwisha kusomwa, wala haiwezi kuliokoa faili ambalo diski yake imeharibika, laptopu iliyoibwa, au kazi ya saa tatu iliyokuwa haijahifadhiwa umeme ulipokatika. Kwa hatari hii ya mwisho, programu za kisasa huhifadhi kazi zenyewe kila baada ya muda mfupi, na betri ya akiba iliyounganishwa na kompyuta ya mezani humpa mtumiaji dakika za kutosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kwa hatari nyingine, njia ya kurudi inayobaki ni nakala rudufu.

Nakala rudufu ni nakala ya data inayowekwa mahali tofauti na ile ya asili ili itumike ya asili ikipotea. Kanuni inayofundishwa zaidi ni ile iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, kwamba kila data yenye thamani iwe na nakala 3, juu ya vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala 1 kati ya hizo iwe nje ya jengo. Kila tarakimu ina sababu yake: nakala ya pili huokoa diski ikifa, aina tofauti ya chombo huokoa endapo vyombo vya aina moja vitapata kasoro moja, na nakala iliyo nje ya jengo huokoa moto unapotokea au mwizi anapobeba kompyuta pamoja na diski iliyochomekwa kando yake. Diski inayobaki imechomekwa daima ina udhaifu mwingine, kwani virusi vinavyoyafunga mafaili kwa kudai fidia huifikia kama vinavyoifikia kompyuta yenyewe. Aidha, usawazishaji, yaani huduma inayohakikisha kwamba folda ya kompyuta na ya mtandaoni zinafanana wakati wote, haupaswi kuhesabiwa peke yake kuwa nakala rudufu, kwa sababu kazi yake ni kulipeleka kila badiliko pande zote, na kufuta ni badiliko. Kinachoweza kumwokoa mtumiaji hapo ni tupio la huduma hiyo au historia ya matoleo yake, ambavyo kwa kawaida vina ukomo wa siku.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo huhifadhi kazi za waandishi wa programu duniani, alikuwa akishughulikia hitilafu kati ya seva mbili za hifadhidata, moja ikiwa kuu na nyingine ikiwa ya akiba. Alikusudia kuifuta folda ya data kwenye seva ya akiba ili ulinganishaji uanze upya. Madirisha ya seva hizo mbili yalifanana, na majina yake yalitofautiana kwa tarakimu moja tu. Amri ya kufuta ikatolewa kwenye seva kuu, na ingawa mhandisi alitambua na kuisimamisha baada ya sekunde moja au mbili, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilibaki takribani 4.5.

Kilichofuata ndicho kinachofanya tukio hilo lisomwe hadi leo. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za nakala rudufu, na zilipoendewa moja baada ya nyingine, karibu zote zilikutwa tupu au hazijawashwa. Programu iliyopaswa kutoa nakala kila siku ilikuwa ya toleo la zamani lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila siku. Barua pepe zilizopaswa kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Na huduma ya kunasa picha ya diski haikuwa imewashwa kwa seva za hifadhidata. Kampuni iliokolewa na nakala ambayo mtu aliitoa kwa mkono saa 6 kabla ya ajali, kwa ajili ya jaribio lisilohusiana na usalama wa data, na saa hizo 6 za kazi za watumiaji zikapotea moja kwa moja. Miaka ya nyuma, mwaka 1998, studio ya Pixar ilinusurika kwa bahati ya namna hiyo pale amri ya kufuta ilipomeza sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 na nakala rudufu zikakutwa hazifanyi kazi: filamu ilipatikana kwenye kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga.

Funzo la matukio hayo mawili ni kali na rahisi kutekeleza: nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni dhana tu. Mwenye duka, mwalimu mkuu au katibu wa chama cha ushirika anayeamini kwamba kumbukumbu zake ziko salama kwenye flashi iliyo kabatini anapaswa, angalau mara moja kila mwezi, kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, kufungua faili moja au mawili na kuhakikisha kwamba yaliyomo ni ya karibuni. Kazi hiyo inahitaji mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mhusika, kwa sababu jukumu la wote huwa halina mwenyewe; GitLab yenyewe, katika ripoti yake, iliorodhesha miongoni mwa hatua za kuchukua kumteua mhusika wa usalama wa data, pamoja na kubadilisha mwonekano wa madirisha ya seva ili mtu ajue bila shaka yuko kwenye mashine ipi.

Makosa yasiyopiga kelele

Aliyefuta faili hujua kwamba amekosea, na ujuzi huo ni nusu ya tiba. Kuna makosa mengine ambayo hayatoi dalili yoyote, na makao yake makuu ni lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu madeni ya taifa na ukuaji wa uchumi ambayo ilinukuliwa sana na wanasiasa waliotetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, baada ya kushindwa kuyapata matokeo yao kwa hesabu zake mwenyewe, alipewa lahajedwali lao na kukuta kwamba fomula ya wastani ilikuwa imeishia safu chache kabla ya mwisho, ikiziacha nje nchi tano, zikiwamo Australia, Canada na Ubelgiji. Kulikuwa pia na mabishano kuhusu mbinu zao, lakini kosa la fomula halikubishaniwa, wenyewe walilikubali.

Mwaka 2020, katikati ya janga la Uviko-19, wakala wa afya ya umma wa Uingereza ulitumia muundo wa zamani wa faili la Excel usioweza kubeba zaidi ya safu 65,536, na majibu yaliyozidi kikomo hicho yaliachwa nje bila mlio wala onyo. Wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingizwa katika hesabu za kila siku, na ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ukachelewa. Wataalamu wa jenetiki nao walisumbuliwa kwa miaka na programu hiyohiyo, iliyoyageuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe za Septemba na Machi, hadi kamati inayosimamia majina hayo ilipoamua kuyabadilisha majina yenyewe.

Kinga ya makosa ya kimya ni kuyalazimisha yaseme. Hesabu ya vilivyoingia ilinganishwe na hesabu ya vilivyotoka, kwa mfano kwa kuangalia kwamba orodha ya wanafunzi 412 iliyonakiliwa kutoka faili moja imefika na wanafunzi 412 katika faili jingine. Jumla ikokotolewe kwa njia mbili tofauti. Namba za simu na za vitambulisho zinazoanza na sifuri ziwekwe kama maandishi kabla ya kuingizwa, ili programu isiile sifuri hiyo. Na mtu ambaye hakulitengeneza jedwali apewe nafasi ya kulikagua kwa hesabu zake mwenyewe, kama alivyofanya Herndon.

Sharti hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu ukaguzi unaorudia kutazama kilekile hauongezi kitu. Mnamo Agosti 2020 benki ya Citibank ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takribani dola milioni 7.8, lakini ikawapelekea pia takribani dola milioni 894 za deni lenyewe. Programu ilitaka visanduku vitatu vijazwe ili fedha za deni zibaki ndani ya benki, kikajazwa kimoja, na malipo yakaidhinishwa na watu watatu kwa mfuatano, kila mmoja akiamini kwamba kisanduku kimoja kinatosha. Wote watatu walitazama skrini moja kwa dhana moja, na kwa hiyo macho sita yalipitwa na kosa lilelile. Kesi ya kuzirejesha fedha zilizobaki mikononi mwa baadhi ya wakopeshaji iliendelea mahakamani hadi mwaka 2022, benki iliposhinda katika rufaa.

Kinga inayofanya kazi hubadilisha kinachoonekana. Mfano mzuri unapatikana katika huduma za pesa kwa simu, ambazo zimekuwa sehemu ya maisha ya Afrika Mashariki tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007. Namba ya simu yenye tarakimu kumi ni vigumu kuikagua kwa jicho, na tarakimu moja isiyo yake huzipeleka fedha kwa mtu mwingine kabisa. Hatua ya kuonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika inampa mtumaji kitu ambacho akili ya binadamu hukitambua papo hapo. Kinga hiyo haimtaki mtumaji awe makini zaidi kuliko alivyo. Inautumia umakini alio nao mahali ambapo unafaa. Sharti lake moja ni kwamba jina lisomwe, kwa kuwa nalo linaweza kuzoeleka kama kisanduku cha kufuta.

Dakika za kwanza, na ukweli unaofuata

Faili linapofutwa hata kutoka kwenye tupio, kwa kawaida data yake haiondoki mara moja. Kinachoondolewa ni ingizo lake katika orodha ya mafaili, na nafasi lililoishikilia huandikwa kuwa ni wazi, ikisubiri kuchukuliwa na data nyingine. Kwa hiyo kila dakika ambayo kompyuta inaendelea kutumika baada ya kosa hupunguza uwezekano wa uokoaji, na kusakinisha programu ya uokoaji kwenye diski ileile kunaweza kuliharibu faili linalotafutwa. Katika diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka dirisha hilo ni fupi zaidi, kwani mfumo huisafisha nafasi iliyoachwa mapema. Hatua sahihi ni kuacha kuitumia mashine, kutafuta katika tupio, katika historia ya matoleo na katika nakala rudufu, kisha kumwita fundi kama hivyo vyote havikusaidia.

Hapa ndipo ufundi unapokutana na maadili ya kazi. Mfanyakazi anayejua kwamba akisema atakatwa mshahara au atadhalilishwa mbele ya wenzake atakaa kimya, atajaribu kulirekebisha jambo peke yake, na kwa kujaribu huko ataandika data mpya juu ya ile iliyopotea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kompyuta maradhi hayo huua kwa haraka: woga wa saa moja unaweza kuifanya hasara iliyorekebishika kuwa ya kudumu.

Wataalamu wa usafiri wa anga walilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa taarifa za usalama wa anga ambao uliwekwa chini ya NASA badala ya mamlaka ya anga yenyewe, kwa sababu rubani asingeweza kumweleza kwa uhuru yule anayeishikilia leseni yake. Majina huondolewa katika taarifa, na anayetoa taarifa ya kosa lisilo la makusudi hupewa kinga ya adhabu kwa masharti maalumu. Mwaka 2012 John Allspaw, mhandisi wa kampuni ya Etsy, alitetea utaratibu kama huo kwa kazi za kompyuta, kwa hoja kwamba anayeogopa adhabu hatatoa maelezo ya kina, na pasipo maelezo ya kina chanzo hakijulikani, na kosa litarudi. Ripoti ya GitLab ilifuata njia hiyo kwa kuieleza ajali yote hadharani bila kumtaja mhandisi kwa jina.

Ofisi ndogo inaweza kufanya hivyo kwa daftari la kawaida. Tuseme faili la mishahara ya Februari limepotea kwa kuwa aliyetayarisha la Machi alilifungua, akabadilisha takwimu, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi badala ya kile cha kuhifadhi kwa jina jipya. Maandishi yanayosema kwamba mhusika alizembea hayafundishi chochote. Maandishi yanayosema kwamba hapakuwa na kiolezo tupu, kwamba kila mwezi kazi ilianza kwa kulifungua faili la mwezi uliopita, na kwamba kosa lilionekana siku iliyofuata wakati wa kuchapa hati za malipo, yanaonyesha dawa yenyewe: kiolezo kinachosomeka bila kuruhusu kuandikwa juu yake, majina ya mafaili yanayoanza na mwaka na mwezi, na historia ya matoleo iliyowashwa. Maswali ya kuongoza daftari hilo ni manne: nini kilitokea, nini kilionekana kwenye skrini wakati ule, kwa nini tendo lilionekana sahihi kwa aliyelitenda, na nini kibadilishwe katika utaratibu ili mwingine asiteleze palepale. Ukiukaji wa makusudi, kama kumpa mtu nywila ya ofisi kwa malipo, una njia yake ya kinidhamu na haupaswi kuchanganywa na mambo haya.

Walimu wa kompyuta, katika shule na katika vituo vya mafunzo ya muda mfupi, wana nafasi ya kwanza kabisa ya kulibadilisha jambo hili. Mafunzo mengi huanza na kuwasha mashine na kuchapa, na mwanafunzi huachwa agundue mwenyewe, mara nyingi kwa machozi, kwamba kazi inaweza kupotea. Somo la kwanza lingefaa liwe kutendua, tupio na nakala rudufu, na zoezi lake liwe kulifuta faili kwa makusudi na kulirudisha. Mwanafunzi aliyekwisha kurudi kutoka kwenye kosa hubofya kwa ujasiri, huuliza bila aibu, na akiajiriwa kesho husema mapema kwamba amekosea, kwa kuwa anajua kwamba kusema mapema ni sehemu ya ufundi wake.